Leseni ya Kukataa

Kuna nchi moja, jina lake silitaji kwa sababu wenyewe wamepiga marufuku lisitajwe bila kibali, na dirisha la vibali hufungwa saa nne asubuhi ili mhudumu akanywe chai. Ni nchi nzuri. Ina mlima, ina mto, ina bendera ya rangi sita, na ina Wizara ya Elimu yenye ghorofa kumi na moja, ambazo ni nyingi kuliko madarasa ya shule yoyote iliyo chini yake.

Katika nchi hiyo kila wilaya ya elimu ina mweka hazina. Bila saini yake shule hainunui hata kipande cha chaki. Zamani waweka hazina hawa walikuwa na tabia ya kutoweka. Leo ametoweka huyu pamoja na madawati, kesho yule pamoja na uji wa watoto. Serikali haikulala. Iliunda tume ya kuchunguza chanzo cha balaa hilo, na tume ikaenda kukichunguza katika nchi kumi na mbili za nje, zile zenye hoteli nzuri. Iliporudi ilitoa ripoti ya kurasa mia nane yenye neno moja la maana: mweka hazina haibi kwa hiari yake, anaombwa na jamaa.

"Hakuna aliyezaliwa mwizi," alisema Mheshimiwa Waziri siku ya kuipokea ripoti. "Kuna mtu mwenye huruma, na kuna shangazi yake. Kuanzia leo, Wizara yangu inatangaza vita dhidi ya huruma, na vita hivyo havitakuwa na huruma."

Watu wakapiga makofi, na wenye mashangazi wakapiga kwa nguvu zaidi.

Ndipo ikapitishwa sheria. Hakuna atakayekuwa mweka hazina wa wilaya ya elimu mpaka asome miezi tisa katika Chuo cha Taifa cha Ukataaji, afaulu, apewe leseni. Na kwa kuwa humfundishi mtu kuogelea pasipo maji, ikaanzishwa Idara ya Jamaa, yenye wajomba, mashangazi na binamu wa serikali mia tatu na arobaini, kila mmoja na cheo chake na posho yake ya usafiri. Kazi yao ilikuwa kuwaomba wanachuo mpaka wakome. Nafasi zilitangazwa magazetini, usaili ukafanyika kwa haki, na kwa bahati tu waliofaulu wote wakawa wa ukoo wa Waziri. Ni ukoo wenye kipaji. Mishahara yao ilitoka kwenye fungu la chaki, ambalo kwa wakati ule lilikuwa limekaa tu.

*

Sasa, Siwema Kondo alikuwa mwalimu wa darasa la nne katika Shule ya Msingi Kisimani, wilaya ya Mtakuja, na darasa lake halikuwa na paa. Upepo uliliezua mwaka wa kwanza wa vita dhidi ya huruma. Mabati mapya mia moja na ishirini yalishanunuliwa na Wizara, yakawekwa katika bohari ya wilaya, hatua mia mbili kutoka shuleni, na mlango wa bohari ukiwa wazi watoto waliyaona yaking'aa. Yalikuwa yakingoja saini. Waweka hazina wawili wenye leseni walikwisha kupita Mtakuja, wote wahitimu wa daraja la kwanza, na wote walipoombwa saini ya mabati walifanya walichosomea, wakakataa. Wa pili alikataa vizuri mno hata akapandishwa cheo kwenda makao makuu.

Alipoondoka, Mwalimu Mkuu Pazi aliwaita walimu wake wote tisa kikaoni. Pazi alikuwa mtu mwema, mrefu, mwenye sauti ya kuomba radhi hata anapotoa amri.

"Ndugu walimu, tumengoja vya kutosha," alisema. "Mmoja wetu aende chuoni, apate hiyo leseni, arudi awe mweka hazina wetu hapahapa. Mtu aliyefundisha akiwa ameshika mwavuli hatahitaji kuelezwa maana ya paa. Mnaafiki?"

Wote waliafiki. Kisha ikaulizwa nani aende, na wote wakakataa. Wa darasa la saba alikuwa na mitihani, wa darasa la pili alikuwa na mguu, wa maarifa ya jamii alikuwa amejenga na hajapaua. Siwema aliulizwa mwisho.

Ila ya Siwema ilijulikana mtaa mzima. Hakuweza kumkatalia mtu. Masufuria yake yote yalikuwa kwa majirani, na yeye mwenyewe alikuwa akipikia la kuazima. Akaitazama miguu yake, akasema, "Haya, nitakwenda." Hivyo basi, walimu wanane waliojua kukataa wakabaki nyumbani, na mmoja asiyejua akatumwa kusomea. Sijui kama kuna nchi nyingine inayopanga rasilimali watu kwa namna hii, ila naamini ipo.

*

Mkuu wa Chuo cha Ukataaji alikuwa Dakta Fereji Mwinchande, aliyepata udaktari wake ng'ambo kwa utafiti juu ya kutikisa kichwa. Siku ya kwanza alisimama mbele ya wanachuo arobaini, akasema, "Karibuni. Hilo ndilo neno la mwisho la ukarimu mtakalolisikia hapa."

Wakasoma Kukataa kwa Uso. Wakasoma Kukataa kwa Mgongo, somo ambalo ni gumu zaidi. Wakasoma Kukataa kwa Simu, yaani jinsi ya kusema "sikusikii, mtandao unasumbua" huku unasikia vizuri kabisa. Muhula wa pili wakaingia katika Kanuni ya Njoo Jumatatu, inayomtaka mweka hazina ajue kwa moyo Jumatatu zote zitakazokuwa sikukuu kwa miaka mitano ijayo.

Siku moja Siwema alinyoosha mkono. "Samahani, Dakta. Hesabu tutaanza lini?"

"Hesabu ya nini?"

"Nilidhani mweka hazina..."

"Mwalimu Siwema," alisema Dakta Mwinchande kwa upole wa mtu anayemfunga mtoto vifungo, "kinachohesabiwa ni kile kinachopungua. Hazina isiyotoka haipungui. Isiyopungua, unaihesabu ili iweje?"

Darasa zima likaandika maneno hayo, na aliyekuwa wa kwanza kuyamaliza ni Tindwa. Huyu Tindwa alikuwa nyota ya chuo. Mwezi wa tatu alikwisha kukataa kuitikia salamu. Mwezi wa nne alikataa kupisha watu mlangoni. Mwezi wa tano aliugua, akapelekwa zahanati, akakataa dawa, na Dakta Mwinchande akaenda kumvisha nishani pale pale kitandani. Mpaka leo yuko makao makuu, na nasikia ana ofisi isiyo na kiti cha mgeni.

Siwema alikuwa wa mwisho. Akiambiwa atamke "hapana", ulimi ulimkauka, na akijilazimisha lilitoka "hapana, labda kidogo". Walimpa kioo ajizoeze kujikatalia mwenyewe. Alipojiona alivyokonda kwa chakula cha chuo, akajihurumia. Kila Jumamosi aliamua kuacha na kurudi nyumbani, na kila Jumamosi posta ilileta bahasha nene kutoka Kisimani. Darasa la nne halikupata mwalimu mwingine, walimu wa madarasa jirani walilichungulia tu, kwa hiyo watoto walikuwa wakimtumia madaftari ayasahihishe. Yalifika yamelowa. Siwema aliyatundika kwenye kamba chumbani kwake yakauke, akasahihisha, akayarudisha, na nia ya kuacha chuo ikampotea mpaka Jumamosi nyingine.

*

Mitihani ya vitendo ikafika. Wa kwanza kumjia Siwema alikuwa Mjomba Mwandamizi wa serikali, mtu wa kikohozi kilichofanyiwa mazoezi, ameshika picha ya kifua chake iliyopigwa hospitali. Kanuni zilimtaka mtahiniwa amkatalie ndani ya dakika kumi. Siwema alimkalisha, akamchemshia chai ya tangawizi, akamuuliza kikohozi kilianza lini, na nani anampikia, na kama anafunika kichwa akitoka kuoga. Mjomba hakuwa ameulizwa mambo kama hayo kwa miaka mingi. Akanywa vikombe vitatu. Akaeleza habari za mke wake wa kwanza. Alipoaga, Siwema akamsindikiza, kwanza mpaka getini, halafu mpaka njiapanda, wakicheka. Ni pale njiapanda mjomba alipokumbuka kwamba hajaomba kitu, na muda ulikwisha kupita.

Watahini wakaandika: "Hakutoa, wala hakukataa." Wakampa hamsini juu ya mia.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa Bi Arafa.

Bi Arafa alikuwa Shangazi Mkuu wa Taifa, na ndiye aliyekuwa shangazi halisi wa Mheshimiwa Waziri, jambo ambalo halikuhusiana na cheo chake kwa namna yoyote. Alikwisha kuwaangusha watahiniwa arobaini na mmoja. Siri yake ilikuwa kwamba haombi. Anakuja na kikapu, na ndani ya kikapu mna kuku. Wewe msomaji unajua, hata kama hukusoma chuo chochote, kwamba kikapu cha mgeni hakirudi kitupu, na kwamba shangazi aliyekuletea kuku ameshakumaliza. Kuku huyo alikuwa mali ya serikali, ana kibati cha namba mguuni, na kila jioni baada ya mtihani alirudishwa stoo akasainiwa.

Mtihani hufanyika chumbani kwa mtahiniwa mwenyewe, ili shangazi apate vitu vya kuvitazama na kuvisikitikia. Watahini watatu waliketi kitandani kwa Siwema, nyuma ya pazia, wameshika saa.

"Hodi humu."

"Karibu shangazi, karibu ndani. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sikai, napita tu." Akakaa. Akashusha pumzi ndefu. "Mbona umekonda hivyo? Mwenzio niliyekubeba mgongoni siku zile za surua naweza kusema. Umekonda."

Siwema hakuwahi kumwona mwanamke huyu maisha yake yote, na surua aliugulia mgongoni kwa mama yake. Hata hivyo machozi yalimlengalenga. Nyuma ya pazia mtahini mmoja akaanza kuandika, maana wengi waliangukia hapo.

Bi Arafa akainua macho ili asikitikie dari, na macho yake yakakutana na kamba.

"Na hizi ni nguo gani?"

"Si nguo, shangazi. Ni madaftari ya watoto wangu wa darasa la nne. Yamenyeshewa."

"Yamenyeshewa njiani?"

"Darasani."

Bi Arafa akavuta moja, akalisogeza mbali na uso kama wafanyavyo wasiotaka kuvaa miwani, akasoma kwa sauti. "Insha. Mvua. Mvua ikianza mwalimu anatuambia tukalie madaftari. Mimi nakalia la hesabu kwa sababu ni jembamba. Mvua ikizidi tunakwenda nyumbani. Mwaka huu tumefika saba mara tatu." Akageuza ukurasa, hakukuwa na kitu. "Na saba mara nne?"

"Ilinyesha, shangazi."

"Wajukuu zangu wanasoma ng'ambo," alisema Bi Arafa taratibu. "Shule yao ina bwawa la kuogelea."

"Hata yetu," akasema Siwema.

Bi Arafa alicheka. Alicheka kwanza kidogo, kishangazi, halafu akacheka mpaka akashika ubavu, na katikati ya kicheko kitu kikambadilikia usoni. Akafuta macho kwa pindo la kanga. Akalirudisha daftari kambani na kulinyoosha pembe zake. Kisha akasimama, akamtoa kuku, akamwachia pale sakafuni, akachukua kikapu chake.

"Shangazi, ngoja, kikapu hakirudi kitupu," alisema Siwema, akatia ndani kipande cha tangawizi, ndicho kitu pekee alichokuwa nacho. Akamsindikiza mpaka njiapanda. Chumbani watahini watatu walibaki wakitazamana na kuku.

*

Kamati ya mitihani ilikaa siku tatu, kwa posho. Hoja ya kwanza ilikuwa tangawizi, kwamba mtahiniwa amempa jamaa kitu. Hoja ya pili ilikuwa kuku, kwamba jamaa amempa mtahiniwa kitu, jambo ambalo sheria haikuliota. Mjumbe mmoja, mtu wa hekima, akaonyesha kwamba kuku akiingia na tangawizi ikitoka, hazina imeongezeka. Dakta Mwinchande akahitimisha kwa maneno yaliyokuja kuchapishwa katika jarida la chuo: "Hakuombwa, kwa hiyo hakukataa. Hakukataa, kwa hiyo hakukosea kukataa. Asiyekosea amefaulu."

Siwema akapewa leseni iliyofunikwa plastiki, na pamoja nayo barua. Barua ilisema kwamba kwa mwaka mmoja atakuwa katika majaribio. Jamaa wa serikali watamjia kwa sura yoyote, ya mzazi, ya fundi, ya mwalimu, hata ya mtu anayemjua, na wataomba kitu chochote, hata kile kinachostahili. Akimtilia saini hata mmoja aliyetumwa, leseni inafutwa na hatashika tena ofisi ya serikali. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Ndipo alipoelewa kwa nini wale wawili waliomtangulia hawakusaini hata kipande cha chaki. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanaogopa, na woga ukivaa tai huitwa uadilifu.

*

Ofisi ya mweka hazina wa Mtakuja ilichangia ukuta mmoja na bohari. Siku ya kwanza Siwema alitembea katikati ya mabati, akayagusa. Kujisainia mwenyewe hakuruhusiwi, sharti fomu iletwe na mkuu wa shule yenye mhuri. Akakaa mezani, akangoja.

Siku ya tatu Mwalimu Mkuu Pazi alibisha hodi, na fomu mkononi.

"Karibu, Mwalimu Mkuu. Habari za Kisimani?"

"Nzuri tu. Jana tumewarudisha watoto saa tatu asubuhi." Akaweka fomu mezani, akaisawazisha. "Ni yale mabati yetu."

Siwema alichukua kalamu, na hapo akaona viatu. Vilikuwa vipya, vya ngozi, vya kufunga kamba. Walimu wa Mtakuja hawakuwa wameona mshahara kwa miezi miwili. Kalamu ikabaki hewani.

"Mwalimu Mkuu," alisema. "Umetumwa?"

Pazi aliinamisha kichwa, naye akavitazama viatu vyake kana kwamba ndio kwanza anaviona.

"Walikuja mwezi uliopita," alisema mwishowe. "Wakasema Idara inataka Binamu wa Mkataba, mwenyeji, mtu unayemwamini. Nikawakatalia, Siwema. Haki ya Mungu niliwakatalia. Mara ya kwanza."

"Na mabati?"

"Mabati ni ya kweli. Fomu ni ya kweli, mhuri ni wa kweli, watoto wamelowa kweli. Ni mimi tu ndiye... Nikitoka hapa lazima niandike ripoti, wananisubiri. Wewe kataa. Kataa tu, dada yangu. Mwaka ni mfupi, ukiisha utasaini."

Siwema aliiweka kalamu chini. Mwaka mmoja. Masika, kiangazi, vuli, na darasa la nne litakuwa limekwisha kupanda darasa la tano bila kitu kichwani, na jingine litaingia kukalia madaftari. Lakini akisaini, kazi imekwenda, na miezi tisa ya kukonda imekwenda. Na yule atakayemfuata atakuwa mtu kama Tindwa. Akafungua mdomo aseme jambo lolote la kununua muda, na akakuta neno limekwisha kufika pale, limekaa kwenye ulimi, laini, halina uzito hata kidogo. Hapana. Miezi tisa haikupotea bure. Chuo kilikuwa kimemfundisha, na angelisema sasa hivi bila hata kumeza mate.

Hilo lilimtisha kuliko barua ya Wizara. Akalimeza, akapandwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu azaliwe. Haikuwa kwa Pazi. Pazi alikuwa mtu mwenye viatu tu.

"Ripoti yako ikifika Wizarani," aliuliza, "barua ya kunifutia leseni inachukua siku ngapi kurudi?"

Pazi akashangaa. "Inapita mikononi mwa watu tisa. Siku kumi na moja, kama mwenye mhuri hayuko likizo."

"Yuko likizo?"

"Anamwozesha binti yake."

"Basi siku kumi na nne." Siwema akavuta fomu, akasaini, akagonga mhuri, akampa. "Kaiandike ripoti yako, Mwalimu Mkuu, na uiandike vizuri upate haki yako. Lakini kabla hujaandika, chukua mkokoteni ubebe mabati. Na njiani waambie wakuu wa shule zote za wilaya waje na fomu zao. Waliotumwa na wasiotumwa."

*

Walikuja. Ijumaa walikuwa saba, Jumatatu walifika thelathini, na haikuwa sikukuu, Siwema alihakikisha. Yakatoka madawati, ikatoka chaki, yakatoka masufuria ya uji yaliyokuwa yamekaa bohari mpaka buibui wakazaa mle wajukuu. Mtunza bohari, ambaye kwa miaka mitatu kazi yake ilikuwa kupangusa vumbi, alianza kuja kazini akiimba.

Siku ya tisa aliingia mkuu wa shule asiyemjua, suti nzuri, mhuri mzuri zaidi, akaomba saruji mifuko mia mbili ya Shule ya Msingi Mlimani Juu.

"Mna watoto wangapi?" aliuliza Siwema.

"Wengi."

"Wa darasa la kwanza wanakaa wapi?"

"Mbele," alisema yule bwana baada ya kufikiri.

"Anayewapikia uji anaitwa nani?"

Bwana yule alitabasamu, tabasamu la kifamilia. Siwema akamtazama usoni, akasema, "Hapana." Halikutetemeka, halikuongezwa labda, halikuongezwa kidogo. Alikuwa Binamu wa serikali, Daraja la Kwanza, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi yake, alitoka nje akaandika ripoti: mweka hazina wa Mtakuja amefaulu kwa kiwango cha juu.

Ripoti hiyo ilifika Wizarani ikaikuta ya Pazi. Moja ilisema afutwe, nyingine ilisema apandishwe. Faili likapanda ghorofa ya kumi na moja, likashuka, likapanda tena, na kwa sababu hiyo Siwema alipata siku nyingine nane. Alizitumia zote.

Barua ilipofika hatimaye, bohari ilikuwa tupu, imefagiwa. Jioni hiyo Mheshimiwa Waziri alizungumza redioni kwa majonzi makubwa. "Wananchi wenzangu," alisema, "kwa miaka mitatu hazina zetu za elimu hazikupungua hata sindano. Leo nasikitika kuwatangazia kwamba wilaya ya Mtakuja imepata hasara kubwa kuliko zote katika historia ya taifa letu. Mali yote imepotelea mashuleni."

Siwema Kondo alinyang'anywa leseni hadharani, na kwa kuwa kosa lake lilikuwa zito, akapewa adhabu kali kuliko zote zilizomo katika sheria za utumishi wa nchi ile, nayo ni kurudishwa kufundisha darasa la nne.

*

Masika yaliingia Jumanne, kipindi cha pili. Matone ya kwanza yalipogonga mabati mia moja na ishirini, watoto wote walisimama, wakachukua mifuko yao, wakajipanga kwenda nyumbani kama walivyozoea. Siwema alitaka kuwaambia waketi, lakini mvua iliteremka kwa kishindo, na chini ya bati nani atakusikia. Akaenda akasimama mlangoni, akatikisa kichwa.

Wakarudi kukaa. Walibaki wakitazama juu mpaka mchana, wakavu, bila kusikia neno hata moja la somo.